Goti Halisomi Ratiba ya Ligi

Aprili 12, 2000, Uwanja wa Olimpico, Roma. Lazio na Inter Milan wanacheza mechi ya kwanza ya fainali ya Kombe la Italia. Kipindi cha pili Ronaldo Nazário anainuka benchi, anaingia. Tangu Novemba 1999 hajacheza. Aliumia goti la kulia dhidi ya Lecce, akapelekwa Paris, Profesa Gérard Saillant akamfanyia upasuaji. Miezi mitano imepita na Italia nzima inataka kumwona. Dakika hazijafika hata kumi anapokea mpira, anawafuata mabeki, anaanza kuzungusha mguu juu ya mpira kama tulivyomzoea. Hakuna aliyemgusa. Anaanguka ameshika goti, analia, na hata mabeki wa Lazio wanaita madaktari. Kano inayoshikilia pia ya goti ilikuwa imekatika yote. Nilton Petrone, mtaalamu wa viungo aliyekuwa akimhudumia, alikuja kusimulia kwamba ile pia ilipanda hadi katikati ya paja.

Yaliyofuata tunayakumbuka kwa sababu ni matamu kuyasimulia: Kombe la Dunia 2002, mabao manane, mawili kati yake kwenye fainali dhidi ya Ujerumani pale Yokohama, na kile kishungi cha ajabu kwenye kichwa kilichonyolewa. Kisichosimuliwa sana ni hesabu ya muda. Mara ya kwanza alirudishwa baada ya miezi mitano, goti likamgomea. Mara ya pili alikaa nje karibu mwaka mmoja na nusu, msimu wa 2000/01 ukapita wote bila yeye kucheza mechi hata moja, na hata aliporudi alicheza kwa kuibia, mechi moja anaonekana, tatu haonekani. Goti lile lile lililomwangusha Roma ndilo lililobeba Brazil.

Vijiweni kwetu Tanzania mchezaji akiumia swali huwa ni moja: anarudi lini? Msemaji wa klabu anajibu wiki tatu, redio za asubuhi zinaibeba, na wiki ya nne mashabiki wanaanza kuuliza kama jamaa ni mgonjwa kweli au anategea. Wapo wanaokwenda mbali zaidi, wanasema amechezewa. Kwa maoni yangu swali lenyewe ndilo lenye kasoro. Tarehe hutoka kwa mtu anayeitaka: kocha mwenye dabi mbele, klabu iliyolipa usajili, mchezaji ambaye mkataba wake unaisha Juni. Mwili hujibu swali jingine kabisa, la mguu huu unaweza kufanya nini leo. Wanaodumu kwenye soka ni wale ambao watu wao wa karibu walikubali kusubiri jibu hilo.

Tuanzie gotini. Ndani yake kuna ligamenti mbili zilizopishana msalaba. Ile ya mbele, ambayo madaktari na wachezaji wenyewe huiita ACL, ina urefu wa kama sentimita tatu na upana wa kama sentimita moja. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa ugoko usiteleze kwenda mbele, na kulishikilia goti mchezaji anapogeuka ghafla. Mtu anayetembea kwenda ofisini na kurudi anaweza kuishi miaka bila hiyo ligamenti. Winga hawezi.

Wengi tunaamini kwamba ACL hukatwa na rafu. Picha inayotujia ni ya Virgil van Dijk, Oktoba 2020, kipa wa Everton Jordan Pickford akimparamia mguuni. Lakini mwaka 2020 Francesco Della Villa na wenzake walitangaza matokeo ya kupitia video za majeraha 134 ya aina hiyo kwa wachezaji wa kulipwa nchini Italia, na waliogongwa moja kwa moja gotini walikuwa 12 tu katika kila 100. Waliobaki hawakuguswa kabisa, au walisukumwa begani na kiunoni wakapoteza mizani. Tukio la kawaida kabisa ni beki au kiungo anayekimbilia kumkaba mwenye mpira: mguu unakita chini, goti karibu limenyooka, mwenye mpira anageuka, naye anataka kugeuka naye. Mwili unakwenda, unyayo unabaki, goti linaingia ndani. Wengi husema walisikia kitu kikilia "ko!".

Hapo njia za mchezaji wa Ulaya na wa kwetu zinaachana. Rodri wa Manchester City aliumia Septemba 22, 2024 dhidi ya Arsenal, na siku chache baadaye alikuwa ameshapigwa picha za MRI na kufanyiwa upasuaji. Mchezaji wa ligi zetu za chini anapuliziwa dawa ya baridi, anatolewa anachechemea, na jioni goti limejaa. Nyumbani kuna shangazi mwenye upendo na sufuria la maji ya moto. Goti linakandwa. Kesho yake anaitwa mchuaji, analivuta na kulisugua kwa mafuta hadi kijana anatokwa machozi. Vyote viwili, joto na kusugua, ndivyo goti lililotoka kuumia lisivyovihitaji katika siku mbili tatu za mwanzo. Linahitaji barafu, bendeji, kuinuliwa na kupumzishwa.

Halafu inakuja eksirei. Daktari anaitazama, hakuna mfupa uliovunjika, na kijana anarudi nyumbani na habari njema. Lakini eksirei huonyesha mifupa, haionyeshi ligamenti. Wiki ya tatu uvimbe umeshuka, anatembea vizuri, anakimbia vizuri kwa mstari ulionyooka. Anarudi uwanjani, anakwenda kupiga chenga ya kwanza, goti linaachia. Mara hii haliishii kwenye ligamenti, gegedu zinazotenganisha mifupa nazo zinachanika. Majeraha mengi tunayoyaita ya bahati mbaya huwa ni ya pili, na lile la kwanza halikutambuliwa.

Kipimo cha kwanza wala hakihitaji mashine. Daktari anayejua magoti humlaza mchezaji, anamkunja goti kidogo, mkono mmoja unashika paja juu ya goti, wa pili unashika ugoko kwa nyuma na kuuvuta mbele. Kwenye goti zima anahisi kitu kinagota, kinakataa. Kwenye goti lililokatika ugoko unafuata tu, haugoti popote. Kisha anafanya vivyo hivyo mguu wa pili ili alinganishe. Hakizidi dakika moja. Kinachokosekana ni mtu wa kukifanya.

Klabu kubwa zina unafuu wake. Yacouba Songne alipoumia goti Novemba 2021, Yanga walimpeleka kutibiwa Tunisia. Wengine hupelekwa Afrika Kusini au Morocco. Na si kweli kwamba nyumbani hakuna kitu: Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hufanya upasuaji wa goti kwa matundu madogo, kamera ikiingia tundu moja na vifaa tundu la pili. Pengo kubwa liko kwenye miezi tisa inayofuata baada ya mgonjwa kuondoka hospitali.

Ligamenti iliyokatika kwa kawaida haishonwi. Daktari huchukua kipande cha kano ya mgonjwa mwenyewe, nyuma ya paja au mbele ya goti, anatoboa mfupa wa paja na wa ugoko, anakipitisha na kukifunga mahali pa ile ya zamani. Kinachotokea kwa pandikizi hilo ndicho ningependa kila kocha akijue. Siku linapowekwa lina nguvu. Baada ya hapo linadhoofika. Limekatwa kutoka kwenye damu yake, seli zake zinakufa, na mwili unaanza kulijenga upya taratibu kwa kuliingizia mishipa ya damu. Ni sawa na mche uliohamishwa bustanini, ambao hunyauka kwanza ndipo ushike mizizi. Miezi ya pili na ya tatu ndiyo ya udhaifu mkubwa, na ndiyo hiyo hiyo ambayo mchezaji anaanza kujisikia mzima. Maumivu yameisha, uvimbe umeisha, ngazi anapanda. Anamwambia kocha yuko fiti, wala hadanganyi, kwa sababu ndivyo anavyohisi.

Takwimu hapa zinaongea vizuri. Mwaka 2016 Hege Grindem na wenzake wa Oslo na Delaware walichapisha utafiti wa watu 106 waliofanyiwa upasuaji wa ACL, wakawafuatilia kwa miaka miwili. Kila mwezi mmoja ambao mtu aliongeza kusubiri, hadi kufika mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia goti tena kwa takriban nusu. Waliorudi michezoni bila kufaulu vipimo vya nguvu na kuruka, 38 katika kila 100 waliumia tena. Waliofaulu vyote kwanza ndipo wakarudi, hawakufika hata sita katika 100. Sijui dawa nyingine ya michezo yenye matokeo ya namna hiyo, na hii haina gharama zaidi ya uvumilivu.

Utafiti mwingine mkubwa ni ule wa UEFA ulioanza mwaka 2001 chini ya Profesa Jan Ekstrand wa Sweden, unaofuatilia klabu kubwa za Ulaya msimu hadi msimu. Markus Waldén alipojumlisha miaka 15 ya takwimu hizo alikuta kwamba zaidi ya wachezaji tisa katika kumi waliokatika ACL walirudi kucheza ndani ya mwaka mmoja. Hiyo ndiyo namba ambayo mawakala huipenda. Yenyewe ina mwenzake: miaka mitatu baada ya jeraha, waliokuwa bado wanacheza ngazi ya juu kabisa walikuwa 65 tu katika 100. Watu hawa wana madaktari bora duniani, mabwawa ya kuogelea na mashine za kupimia msuli. Theluthi nzima wakateremka.

Afya njema hurudi kwa kazi ya kuchosha isiyo na mpira ndani yake. Ingia chumba chochote cha tiba ya viungo, utamkuta mchezaji wa wiki ya pili amekaa kitandani, taulo limeviringishwa chini ya goti lake. Anaambiwa alikandamize taulo kwa goti, akaze msuli wa mbele ya paja. Anakunja uso, anashika kingo za kitanda, anajaribu. Msuli hautikisiki. Mwezi uliopita paja hilo lilikuwa linapiga mashuti ya mita 25, leo linakataa amri ndogo kiasi hicho, maana goti likijaa maji ubongo huuzima msuli wa jirani. Mtaalamu anaweka vidole juu ya pia ya goti, anasubiri, anasema "tena". Msuli unaruka kidogo. Wote wawili wanacheka kama limeingia bao. Ndipo waanze kupigania kulinyoosha goti hadi mwisho, kisha kutembea bila kuchechemea, kisha baiskeli, kisha kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kisha kukimbia. Kuruka na kutua kunakuja mbali huko. Mpira unakuja mwisho.

Kabla ya ruhusa kuna mitihani. Wa kawaida ni kuruka mbele kwa mguu mmoja na kutua bila kuyumba, ukapimwa umbali, halafu mguu wa pili. Mguu uliofanyiwa upasuaji ukifika asilimia 90 ya mwenzake, mlango unaanza kufunguka. Futi kamba na chaki vinatosha.

Na kufaulu mitihani bado si kuwa na mechi mguuni. Mashabiki wa Simba wanakumbuka kipa Aishi Manula alivyokaa nje tangu Aprili 2023, akarudi langoni Novemba 5 mwaka huo, na mechi yenyewe ikiwa ni dhidi ya Yanga. Simba ikafungwa 5-1. Simtupii kipa mabao yale, timu nzima ilizidiwa kila idara. Swali langu ni la uamuzi tu: aliyekaa nje nusu mwaka anaanzaje na mechi nzito kuliko zote nchini? Manchester City walimrudisha Rodri Mei 20, 2025, miezi minane baadaye, kwa dakika chache za mwisho dhidi ya Bournemouth. Hata hivyo Oktoba 2025 akatoka tena nje ya uwanja, safari hii akishika misuli ya nyuma ya paja.

Misuli hiyo, ambayo sisi huita nyama za paja, ndiyo inayowatoa wengi uwanjani siku hizi. Takwimu zile zile za UEFA zinaonyesha kwamba msimu wa 2001/02 ilikuwa asilimia 12 ya majeraha yote, na miaka ishirini baadaye imefika asilimia 24. Soka limekuwa la mbio za ghafla, na mechi zimeongezeka. Karibu moja katika kila tano ya majeraha hayo ni ya kujitonesha, na mengi ya kujitonesha hutokea ndani ya miezi miwili ya kurudi. Michael Owen alichanika nyuma ya paja Aprili 12, 1999 kwenye mechi dhidi ya Leeds akiwa na miaka 19. Tarehe ile ile, mwaka mmoja kabla ya Ronaldo, ingawa sitaki kuwapa kazi waganga. Owen alikuja kuchukua Ballon d'Or mwaka 2001, na bado amesema zaidi ya mara moja kwamba kasi yake haikurudi kama zamani, na kwamba miaka ya mwisho alikuwa anaogopa kukimbia hadi mwisho wa uwezo wake. Hofu hiyo ni jeraha ambalo hata MRI hailioni. Katika watu wa kawaida waliofanyiwa upasuaji wa ACL ni karibu theluthi mbili tu wanaorudi katika kiwango chao cha awali, na wengi wa waliobaki wana goti zima na moyo uliosita.

Kuna njia ya mkato, na kila anayekaa karibu na vyumba vya kubadilishia nguo anaijua: sindano na vidonge. Daktari mkuu wa FIFA wakati huo, Jiří Dvořák, na mwenzake walikuta kwamba kwenye Kombe la Dunia 2010 karibu wachezaji wanne katika kila kumi walimeza dawa ya maumivu kabla ya kila mechi. Gabriel Batistuta alicheza miaka ya mwisho na vifundo vya miguu vilivyokwisha, akaipa Roma ubingwa mwaka 2001, na alipostaafu alisimulia kwamba maumivu yalimfikisha mahali pa kumwomba daktari amkate miguu. Zlatan Ibrahimović alisema mwenyewe mwaka 2022, baada ya ubingwa wa AC Milan, kwamba alicheza miezi sita bila ACL ya goti la kushoto, akitolewa maji gotini kila wiki na kuchomwa sindano. Watu walimpigia makofi. Mimi naona ni habari ya kuogofya. Zlatan alikuwa na miaka 40 na akaunti iliyoshiba, aliamua kuliteketeza goti lake akijua anachofanya. Kijana wa miaka 21 wa Championship yetu anayechomwa ganzi ili acheze mechi ya kupanda daraja hana hata mtu mmoja wa kumshauri.

Upande wa pili wapo wasiovunjika. Iñaki Williams wa Athletic Bilbao alicheza mechi 251 za ligi ya Hispania mfululizo, kuanzia Aprili 2016 hadi Januari 2023. Frank Lampard alicheza 164 mfululizo Ligi Kuu England. Brad Friedel alifika 310, ila yeye ni kipa, na makipa wana unafuu wao. Luka Modrić alitimiza miaka 40 akiwa bado anacheza Serie A. Tunapenda kusema hawa wana miili ya chuma. Sehemu ni kweli, kuna kuzaliwa. Lakini watafiti wanakubaliana kwamba kitu kinachotabiri jeraha kuliko vyote ni jeraha lililotangulia, na kwa hiyo mtu akivuka miaka ya ujana bila kuumia vibaya, ameshapata mtaji. Williams hakuwa mgumu kila mwaka upya, alikuwa anakula riba.

Na mtaji huo unaliwa na mechi. Septemba 2024 Rodri aliwaambia waandishi kwamba wachezaji wanakaribia kugoma kwa wingi wa mechi. Haikupita wiki, goti likakatika. Msimu uliotangulia alicheza zaidi ya mechi 60 kwa klabu na Hispania. Huwezi kuthibitisha kwamba hilo ndilo lililomkata, na mimi sitajaribu. Kwetu mzigo una sura nyingine. Simba na Yanga wanapanda ndege, lakini timu nyingi za ligi yetu huenda Mbeya kwa basi, zaidi ya kilomita 800 kutoka Dar es Salaam, magoti yamekunjwa nyuma ya kiti cha mwenzako, halafu kesho yake mazoezi mepesi na keshokutwa mechi. Mwisho wa msimu, badala ya kupumzika, mchezaji anaingia kwenye mechi za mtaani za ndondo kwa sababu ndiko kunakolipwa taslimu. Simlaumu. Ila paja halijui kama bao ni la ndondo au la ligi.

Wanawake wana hesabu yao, na ni mbaya zaidi. Hatari yao ya kukatika ACL ni mara mbili ya wanaume au zaidi. Msimu wa 2022/23 Arsenal ya wanawake iliwapoteza Beth Mead, Vivianne Miedema, Leah Williamson na Laura Wienroither kwa jeraha hilo hilo, wanne timu moja. Watu hukimbilia kuzungumzia nyonga na homoni. Mimi ningeanza na viatu vilivyoundwa kwa mguu wa mwanaume, viwanja vibovu wanavyopewa, na mazoezi ya nguvu ambayo wasichana wengi hawafundishwi mpaka wafike timu kubwa.

Hilo la mazoezi lina habari njema, tena ya hapa Afrika. FIFA ina utaratibu wa kupasha misuli moto unaoitwa 11+, wa dakika kama 20, hauhitaji kifaa zaidi ya mpira na koni. Oluwatoyosi Owoeye na wenzake waliujaribu kwenye ligi ya vijana ya Lagos, timu 20, wachezaji 416, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014: timu zilizoufanya ziliumia kwa asilimia 41 pungufu ya zile zilizopasha kwa mazoea. Hiyo ni Lagos, kwenye viwanja kama vyetu.

Ndani ya utaratibu huo kuna zoezi moja la nyuma ya paja ambalo watafiti wanasema hupunguza majeraha ya misuli hiyo kwa karibu nusu. Piga magoti kwenye nyasi. Mwenzako akushike vifundo vya miguu, avigandamize chini. Nyoosha mgongo, mikono kifuani, kisha jiachie uende mbele polepole, polepole kadiri unavyoweza, ukizuia kuanguka kwa nyuma ya paja peke yake. Ukishindwa, jidake kwa mikono. Mara tano za kwanza zitakutetemesha, na kesho yake hutapenda kukaa. Kwa sababu hiyo hiyo timu nyingi huliacha: wachezaji wanalalamika, kocha anaona haya, wanarudi kuzunguka uwanja na kupiga danadana.

Pesa ziko wapi katika haya yote? Tangu 2012 FIFA ina mpango wa kuzilipa klabu mshahara wa mchezaji aliyeumia akiwa na timu ya taifa, hadi euro milioni 7.5 kwa mchezaji mmoja. Umewekwa kuilinda klabu. Anayeumia akiichezea klabu yake anategemea mkataba, na hapo wachezaji wetu wajue jambo moja: kwa maamuzi ya FIFA, kuumia si sababu halali ya kuvunjiwa mkataba, na mkataba uliosainiwa hauwezi kuwekewa sharti la kufaulu vipimo vya afya baadaye. Tatizo ni kwamba mikataba mingi ni ya mwaka mmoja au miwili. Jeraha la miezi tisa linaumaliza bila mtu kuuvunja. Ndiyo maana mchezaji anajilazimisha mwezi wa sita, na ndiyo maana ningependa chama cha wachezaji kipiganie kipengele kimoja tu: anayeumia kazini mkataba wake usogezwe mbele kwa muda wa matibabu, na bima imlipie mtaalamu wa viungo mpaka siku ya kufaulu vipimo.

Santi Cazorla hana budi kutajwa kwa wanaokata tamaa. Mechi yake ya mwisho Arsenal ilikuwa Oktoba 2016, kisha bakteria wakaila kano ya kisigino karibu sentimita nane. Alifanyiwa operesheni nyingi mno, akachunwa ngozi ya mkono kuzibia kifundo, hadi sehemu ya mchoro wa jina la binti yake ikahamia mguuni. Madaktari walimwambia ashukuru akiweza kutembea bustanini na mwanawe. Mwaka 2018 alirudi kucheza Villarreal, 2019 akaitwa tena timu ya taifa, na Juni 2025, akiwa na miaka 40, akafunga penalti kwenye fainali iliyoirudisha Real Oviedo La Liga. Baada ya mechi ile ya Arsenal alikaa nje karibu miaka miwili.

Kwa wazazi, makocha wa akademi na manahodha wa timu za mtaani: kijana akijipinda goti, akasikia mlio, na goti likajaa ndani ya saa chache, msimkande kwa maji ya moto na msiridhike na eksirei pekee. Wekeni barafu, mtafutieni daktari wa mifupa ndani ya wiki hiyo, na muulizeni kwa maneno haya haya: "Daktari, ligamenti ya mbele ni nzima?" Mpaka ajibu ndiyo, kijana asiguse mpira.